Karani wa Mizani, Mahuta

Msimu ukifika, mimi ndiye mwenye mizani.
Gunia linapanda, mshale unatetemeka, unatulia,
nataja kilo, naandika, nakata risiti.
Hakuna mkulima aliyewahi kuniambia nimempunja.
Wa kangomba wanapima kwa bakuli na kwa jicho.
Mimi napima kwa chuma.

Mimi pia nina kifafa.
Nimeanguka ghalani mara tatu,
moja juu ya korosho za mzee Nantende.
Nilizinduka na alama za maganda shavuni,
watu wamesimama mbali kidogo,
wote umbali mmoja,
kana kwamba kuna aliyewachorea mstari.

Nameza vitatu usiku, vyeupe, vidogo.
Kilianza kimoja, nikaanguka.
Vikawa viwili, nikaanguka.
Tabibu Nnunduma akaongeza nusu, akasubiri, akaandika,
wiki sita, na sita nyingine,
hadi mwili wangu uliposema: hapo.

Somoe ni jirani. Anabangua korosho kwa kibarua,
humeza kimoja.
Mwezi wa kumi na moja alianguka jikoni,
halafu kwenye foleni ya ndoo.
Mama yake akanijia: baba, wewe dawa hizi unazijua.
Nikasema, twendeni ghalani.

Nikampandisha Somoe pale yanapokaa magunia.
Kilo hamsini na mbili.
Nikapanda mimi.
Hamsini na mbili, mshale haukusita hata kidogo.
Basi hesabu imekwisha, nikasema,
nikamtolea vitatu vitatu kutoka kopo langu,
kwa kiburi cha mtu asiyekosea.

Alilala.
Adhana ya alfajiri ikampita, ya adhuhuri ikampita.
Alipoamka aliutafuta ukuta kwa mkono,
ulimi mzito, macho yanacheza,
akashika korosho na kisu
asijue kipi kinakata kipi.
Mama yake hakunigombeza.
Nilikuta kopo langu mlangoni,
limefungwa kwa kitambaa safi. Hakupiga hodi.

Tabibu alinisikiliza hadi mwisho, kalamu mezani.
"Ini lako lina haraka," akasema,
"linaifagia dawa kabla hakujakucha.
La Somoe linaing'ang'ania kama mgeni aliyenyimwa ruhusa.
Hiyo mizani yako, ini unalisimamisha wapi?"

Nilitaka kubisha. Nina stakabadhi za miaka tisa.
Lakini njiani nikakumbuka kazi yangu mwenyewe:
magunia mawili, kilo zile zile, shamba moja hata,
na bado mnunuzi hatulii mpaka tuchote, tukate,
tuone ipi nyeupe ndani na ipi imeoza.
Kilo hazikuwahi kutuambia kitu hicho.
Na korosho unaikata.
Mtu humkati. Mtu unamsubiri.

Somoe sasa yuko kwenye kimoja na robo.
Robo! Mshale wangu hauijui robo hiyo,
hata ukiirundika ya mwezi mzima.
Mama yake anaigawa kwa wembe
juu ya kifuniko cha chupa ya chai,
na vumbi linalobaki
Somoe analifuata kwa ncha ya ulimi,
maana tabibu alisema kimoja na robo,
na robo si robo vumbi lake likipotea.
Ameanguka mara moja tu tangu hapo.
Mimi nimeanguka Ijumaa iliyopita,
baada ya miezi saba ya kujisifu.
Bado tunatafuta.

Jana amepita ghalani, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
"Karani, nipime."
Nikamwambia mizani mbovu.
Akacheka, akapanda mwenyewe, akausoma mshale mwenyewe:
hamsini na tatu.
Nilichukua kalamu kwa mazoea,
kisha nikairudisha nyuma ya sikio.